Chai ya Mnanaa kwa Majani Makavu: Namna ya Kuiandaa na Kuionja

Ukimwaga maji ya moto juu ya majani ya mnanaa na chumba kizima kikanukia, ujue kwamba sehemu bora ya chai yako imekwisha kuondoka. Harufu ile iliyokufurahisha ulipokuwa umesimama kando ya meza ndiyo iliyopaswa kukukuta ndani ya kikombe. Mwongozo huu unahusu mnanaa wa aina ya pepaminti, ule unaoacha ubaridi mkali kooni, ukiwa katika majani makavu yaliyo huru, si yale yaliyosagwa na kufungiwa katika vifuko vya karatasi. Hatua zote nitakazoeleza, tangu kununua majani hadi kuyaonja, zinafuata kanuni moja: mafuta yanayonukia yabaki ndani ya jani mpaka dakika ya mwisho, kisha yabaki ndani ya maji mpaka yafike kinywani.

Jani na mafuta yake

Pepaminti, ambayo wataalamu wa mimea huiita Mentha × piperita, ni chotara wa mnanaa wa majini na ule mnanaa mtamu wa bustanini uitwao spiaminti. Carl Linnaeus aliiorodhesha mwaka 1753 kama spishi kamili, lakini kwa kuwa ni chotara, kwa kawaida haitoi mbegu zinazoota, na mkulima huizalisha kwa kupanda vipande vya mashina yake yatambaayo ardhini. Jambo hili lina maana kwa mnywaji pia, kwa sababu pakiti iliyoandikwa tu kuwa ni ya mnanaa inaweza kuwa na mmoja wa wazazi badala ya mtoto. Spiaminti hunukia kwa kemikali iitwayo kavoni, ambayo ni tamu na haina ubaridi wa kutajika, ilhali pepaminti hupata nguvu yake kutokana na mentholi pamoja na ndugu yake menthoni.

Ukilichunguza jani kwa kioo cha kukuzia, hasa upande wake wa chini, utaona vitone vidogo vinavyong'aa. Hivyo ni vitezi vya mafuta, na kila kimoja kimefunikwa kwa utando mwembamba ambao hupasuka jani likisuguliwa. Katika majani makavu, mafuta hayo huwa takriban asilimia 1 hadi 3 ya uzito wote, na mara nyingi kati ya theluthi na nusu yake ni mentholi. Kwa kikombe kimoja, basi, tunazungumzia matone machache mno, nayo hayapendi kukaa ndani ya maji: mentholi huyeyuka kwa shida katika maji, lakini husafiri kwa urahisi mkubwa pamoja na mvuke. Watengenezaji wa mafuta ya pepaminti hutumia tabia hiyohiyo. Hupitisha mvuke katika majani, kisha huupoza na kukinga mafuta yanayotengana na maji. Kikombe kisichofunikwa hufanya kazi ileile, isipokuwa hakuna anayekinga.

Hatua ya kwanza: kuchagua majani

Tafuta majani mazima, au yaliyokatwa vipande vikubwa, ambayo rangi yake ni ya kijani kilichoiva. Katika aina fulani za pepaminti, vishipa vya jani na vikonyo huwa na wekundu unaoelekea zambarau, na hiyo si kasoro. Kasoro ni rangi ya kahawia iliyoenea jani zima, ambayo kwa kawaida huonyesha kwamba majani yalikaushwa juani kwa muda mrefu, yalichelewa kukaushwa, au yamezeeka ghalani. Angalia pia wingi wa vijiti. Shina la mnanaa, ambalo lina pembe nne kama mashina ya mrehani na ndugu zake wengine, halina mafuta mengi. Pakiti iliyojaa vijiti itakupa chai yenye ladha ya kuni hata ukiiandaa kwa uangalifu wote.

Ukiruhusiwa, chukua jani moja, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha vuta pumzi fupi. Majani mazuri hutoa kwanza ubaridi unaopanda puani, na nyuma yake utamu mwepesi. Yaliyochuja hunukia nyasi kavu au vumbi. Yenye harufu ya uvundo yaachwe kabisa, kwa kuwa hiyo ni dalili ya ukungu. Jani likaukalo vizuri hulia likivunjwa. Likipinda bila kuvunjika, bado lina unyevu na halitadumu.

Kama unamfahamu mkulima, muulize alivuna lini. Jani changa la pepaminti huwa na menthoni nyingi, na kadiri linavyokomaa sehemu kubwa ya menthoni hiyo hugeuka kuwa mentholi. Wavunaji wengi kwa hiyo hungoja mpaka mmea uanze kutoa maua, kisha hukata. Ukivuna mwenyewe, tandaza majani kwa safu nyembamba kivulini, mahali penye upepo, na usiyaweke katika joto linalozidi nyuzi 40 za Selsiasi, maana joto linaloharakisha kukauka ndilo linalofukuza mafuta.

Hatua ya pili: kuyatunza

Majani yawekwe katika chombo kinachofunga barabara, kisichopitisha mwanga, mbali na jiko. Bati lenye mfuniko mzuri linatosha. Usiyaponde wakati wa kuyahifadhi ili yaingie mengi katika chombo kidogo, kwa kuwa kila jani unalolivunja leo ni vitezi vilivyopasuliwa wiki kadhaa kabla ya wakati wake. Yatenge na kahawa, majani ya chai na viungo, kwani mnanaa huambukiza harufu yake kwa majirani wote, nao humwambukiza ya kwao. Andika tarehe juu ya chombo. Majani mazima yaliyotunzwa hivi hubaki na uhai wa kuridhisha kwa takriban mwaka mmoja. Yaliyosagwa huchuja mapema zaidi.

Hatua ya tatu: maji na vyombo

Tumia maji safi yasiyo na harufu. Maji yenye klorini nyingi hufunika utamu wa jani, na yanaweza kuboreshwa kwa kuyaacha wazi kwa saa chache kabla ya kuyachemsha. Maji yenye chokaa nyingi huifanya chai iwe na rangi nzito na ladha iliyofifia. Kama ya kwako ni ya namna hiyo, yachuje kwa chujio la kupunguza chokaa.

Buli la kauri au la kioo lenye mfuniko unaokaa sawasawa ndilo ninalolipendelea, na asiye na buli anaweza kutumia kikombe kikubwa na kisahani cha kufunikia. Kifaa cha kuchujia kiwe kipana. Vile vijidude vya duara vyenye matundu, vinavyofungwa na kuzamishwa ndani ya maji, huyabana majani yasifunguke, na jani lililobanwa halitoi mafuta yake yote. Ni afadhali majani yaogelee huru ndani ya buli, kisha chai ichujwe wakati wa kumimina. Epuka plastiki, kwa kuwa mafuta ya mnanaa huingia ndani yake na hayatoki kwa kuoshwa.

Hatua ya nne: kupima

Anza na gramu 3 za majani makavu kwa mililita 250 za maji. Kipimo cha kijiko kinadanganya sana katika mnanaa, kwa sababu majani mazima ni mepesi na hujaza kijiko kwa hewa, ilhali yaliyokatwakatwa hujipanga na kuwa mazito. Kijiko kikubwa kilekile kinaweza kubeba uzito maradufu siku ambayo umefika chini ya bati. Kwa maoni yangu, mizani ndogo ya jikoni ina faida kubwa kwa mnywaji wa chai hii kuliko buli la gharama. Anayetumia majani mabichi azidishe uzito mara nne au tano, kwa kuwa sehemu kubwa ya jani bichi ni maji.

Hatua ya tano: kumimina, kufunika na kusubiri

Suuza buli kwa maji ya moto na uyamwage, ili kauri baridi isiibe joto la chai. Chukua majani yako yaliyopimwa na uyavunje kwa vidole mara moja au mbili juu ya buli, kwa namna ya kuyapasua tu, si kuyasaga. Huu ndio wakati wa kupasua vitezi, na usiwe mbali na maji kwa zaidi ya sekunde chache.

Mimina maji yanayochemka, au yaliyotoka kuchemka sasa hivi, na ufunike papo hapo. Wanaotoka katika chai ya kijani husita hapa, kwa sababu wamezoea kupoza maji ili kuzuia uchungu. Tahadhari hiyo ni ya haki kwa chai ya kijani, lakini mnanaa hauna kafeini, wala hauna wingi wa vile viambato vinavyoifanya chai ya kijani kuwa chungu ikiungua, na maji ya uvuguvugu hushindwa kuyang'oa mafuta kutoka katika jani. Mtu anayeishi mahali pa juu azingatie kwamba maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri anavyopanda, takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300, na kwa hiyo aongeze dakika moja au mbili za kusubiri.

Subiri dakika 6 hadi 8. Kabla ya dakika ya 4, chai huwa na harufu lakini haina mwili; ukiionja inapita ulimini kama maji yaliyopakwa manukato. Kati ya dakika ya 5 na ya 8 utamu na ubaridi hukutana. Baada ya dakika ya 10, ukakasi huanza kujitokeza kando ya ulimi, na kuna wanaoupenda, hasa wanaokunywa chai hii baada ya mlo mzito. Usichemshe majani jikoni kwa kudhani kwamba nguvu itaongezeka. Kinachoongezeka ni uchungu na rangi, huku mafuta yakitoka na mvuke.

Muda ukitimia, usinyanyue mfuniko kwa pupa. Uinamishe kwanza ili matone yaliyojikusanya upande wa ndani yarudi ndani ya buli, kwa sababu matone hayo ni mvuke uliopoa na yamebeba mafuta. Wakati mwingine, ukitazama uso wa chai kwa mshazari kwenye mwanga, utaona vimeta vidogo vya mafuta vikielea. Hiyo ni ishara njema, si uchafu. Chuja chai yote mara moja, maana ikibaki juu ya majani itaendelea kukolea na kikombe cha pili kitakuwa tofauti na cha kwanza.

Kwa chai ya baridi, njia ninayoiamini ni hii: mimina maji ya moto kidogo, yanayotosha kulowesha majani tu, funika kwa dakika 2, kisha jaza maji baridi na uweke chombo katika jokofu kwa saa 6 hadi 8 kikiwa kimefunikwa. Maji ya moto ya mwanzo hufungua jani, na baridi inayofuata hutoa kinywaji kitamu chenye ukakasi mdogo sana. Kinywewe ndani ya siku mbili.

Hatua ya sita: kuonja

Kuonja ni kazi tofauti na kunywa, na inahitaji utulivu wa dakika kumi hivi. Usitumie dawa ya meno muda mfupi kabla, kwa kuwa nyingi zina mentholi na kinywa chako kitakuwa kimekwisha kuzoea kile unachotaka kukipima. Kwa sababu hiyohiyo usionje zaidi ya sampuli tatu au nne kwa kikao kimoja, na kati ya sampuli moja na nyingine kunywa maji ya uvuguvugu, ule kipande cha mkate mkavu, na usubiri.

Kama unalinganisha majani ya aina mbili, yaandaliwe kwa namna moja kabisa. Waonjaji wa chai ya kawaida wana kiwango cha kimataifa, ISO 3103, kinachoelekeza gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, kwa dakika 6. Hakikuandikwa kwa ajili ya mnanaa, lakini kinaufaa vizuri, kwa sababu hutoa chai kali inayofichua kasoro ambazo kikombe cha kawaida huzificha.

Nusa mara tatu: majani makavu kabla ya maji, upande wa ndani wa mfuniko unapoufungua, na chai yenyewe kikombeni. Mfuniko ndio unaosema kweli zaidi, kwa kuwa harufu iliyokusanyika hapo ni ya mafuta karibu matupu. Baada ya hapo, acha chai ipoe. Kinywaji cha moto sana huunguza ulimi na kuupumbaza, na tena shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2016 liliviweka vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Nyuzi 50 hadi 55 zinafaa kuanzia.

Piga funda dogo ukilivuta kwa sauti pamoja na hewa, bila kuona haya. Hewa hiyo huitawanya chai ulimini na kuipeleka harufu nyuma ya koo, ambako hupanda puani kwa ndani. Izungushe, imeze, kisha toa pumzi polepole kwa pua huku mdomo umefungwa. Zingatia kwanza utamu, kisha ubaridi ulipoanzia na ulipoishia, kisha kilichobaki baada ya nusu dakika.

Sasa fanya jaribio moja ambalo hubadilisha namna mtu anavyouelewa mnanaa. Ziba pua kwa vidole na upige funda jingine. Harufu yote itatoweka, lakini ubaridi utabaki palepale. Sababu ni kwamba ubaridi wa mentholi si harufu wala ladha. Mentholi huamsha kipokezi cha neva kinachoitwa TRPM8, kilekile kinachoupasha ubongo habari za baridi halisi, na kazi ya kugundua vipokezi vya joto na baridi ni miongoni mwa zilizowapatia David Julius na Ardem Patapoutian Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Achia pua, na harufu itarudi kwa ghafla. Kuanzia hapo utaweza kuvipima vitu viwili kwa kuvitenganisha: chai yenye ubaridi mwingi na harufu finyu, au yenye harufu pana na ubaridi wa upole.

Rudia kuonja chai inapopoa hadi joto la chumba. Joto la kikombe hushindana na mentholi juu ya kipokezi kilekile, na kwa hiyo ubaridi hujitokeza zaidi kikombe kinapopoa. Kasoro nazo hujitokeza hapo, na majani yaliyozeeka hayawezi kujificha. Mengi niliyoyasifu yakiwa ya moto yalinyamaza yalipopoa, na siku hizi siwezi kuyahukumu majani mapya kabla sijayaonja katika hali zote mbili.

Andika ulichokikuta kwa maneno yako mwenyewe. Ukali wa pilipili, utamu wa majani mabichi, nyasi kavu, udongo, ukakasi, uchungu wa ganda la limau: neno lolote linafaa mradi litakukumbusha kitu kilekile mwezi ujao. Sukari, asali na limau viongezwe baada ya kuonja, si kabla. Maziwa nayaona hayafai, kwa kuwa mentholi huyeyuka katika mafuta ya maziwa na ubaridi hufifia.

Hatua ya saba: kurekebisha

Badilisha jambo moja tu kwa kila jaribio. Chai ikiwa na uchungu na ukakasi, punguza dakika mbili na uache kipimo cha majani kilivyo. Ikiwa nyepesi lakini safi, ongeza gramu moja na usiongeze muda. Ikiwa na rangi nzuri na haina harufu, kagua mfuniko kabla ya kuyalaumu majani. Ikiwa na ladha ya kuni, chambua vijiti katika kipimo kijacho.

Wanaohitaji uangalifu

Mentholi hulegeza msuli unaoziba njia kati ya umio na tumbo, na mtu mwenye kiungulia cha mara kwa mara anaweza kuzidiwa baada ya kunywa chai hii, hasa akilala mapema. Mwenye mawe katika kibofu cha nyongo amwone daktari kwanza. Watoto wachanga wasipewe, wala bidhaa za mentholi zisipakwe karibu na pua zao. Chai hii pia hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yatokanayo na mimea, na kwa hiyo mwenye upungufu wa damu ainywe saa moja au zaidi baada ya mlo. Mafuta ya pepaminti yanayouzwa katika chupa yasitiwe kikombeni kamwe kwa nia ya kuongeza nguvu, maana tone moja lina ukali usiolinganishwa na wa majani.

Kuyakagua majani yaliyotumika

Kabla ya kuosha buli, tandaza majani yaliyolowa juu ya sahani nyeupe. Maji yameyafungua, na sasa utaona kile ambacho pakiti haikuonyesha: kama yalikuwa mazima au vumbi, kama kuna magugu yaliyochanganyika, kama madoa meusi yalikuwepo tangu shambani. Yasogeze puani yakiwa bado na joto. Yakinukia hafifu, umeyatoa yaliyokuwemo na unaweza kuyatupa. Yakiwa bado yananukia kwa nguvu, uliyachuja mapema. Yarudishe ndani ya buli, mimina nusu ya maji ya mwanzo yakiwa yanachemka, funika, na safari hii subiri dakika 10.